Bhrigu alianza na chakula, sisi tunaanza na mchoro

Kila Juni 21 inapokaribia, mchoro uleule huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ni maduara matano, moja ndani ya jingine, kama shabaha ya mrusha mishale. Duara la nje limeandikwa mwili, la pili pumzi, la tatu akili, la nne hekima, na katikati kabisa, kwa rangi ya dhahabu, raha. Chini yake kuna saa na mahali pa darasa la yoga, pamoja na ahadi kwamba anayejitahidi ataliacha duara la nje, lililo duni, na kufika katikati aliko "yeye halisi". Mwaka jana niliitikia mwaliko mmoja wa aina hiyo hapa Dar es Salaam. Mwalimu alituambia tuuache mwili kama tulivyoacha viatu mlangoni. Watu wakafumba macho, wakatulia. Mimi nilishindwa, maana tulikuwa tumeagizwa tusinywe hata chai, na tumbo langu lilinguruma mpaka wa mkeka wa pili akacheka.

Sina ugomvi na yoga, na mgongo wangu unaishukuru. Ninachopinga ni yale tunayoambiwa juu ya asili ya mchoro ule. Unatajwa kuwa ndiyo mafundisho ya kale ya Kihindu kuhusu matabaka ya nafsi, na wanaoupenda pamoja na wanaouogopa wanakubaliana juu ya jambo moja: kwamba mafundisho hayo yanauweka mwili chini, wa kuvuliwa na kuachwa. Andiko lenyewe, Taittiriya Upanishadi, halisemi hivyo. Linaanza na chakula, linapita pumzi, mawazo, utambuzi na raha, kisha linarudi kwenye chakula na kukaa hapo karibu hadi mwisho. Asiyeiona safari hiyo ya kurudi amesoma nusu, na kosa hilo limeshatoka kwenye mikeka ya yoga likaingia kwenye sera za elimu.

Tuanze na yaliyotufikisha hapa. Desemba 11, 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuifanya Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, baada ya pendekezo la India kuungwa mkono na nchi 177. Tangu 2015 balozi za India huiadhimisha siku hiyo kila mahali, Afrika Mashariki ikiwemo. Kisha mwaka 2022 India ilitoa mtaala wa kitaifa wa elimu ya awali, kwa watoto wa miaka 3 hadi 8, na ndani yake ukatajwa ukuaji wa mtoto kwa mujibu wa kosha tano, yaani matabaka hayo matano: mwili, nguvu ya uhai, hisia na mawazo, akili, na roho. Kwa hiyo jambo lililokuwa likijadiliwa na watawa na wanafalsafa sasa limo mikononi mwa mwalimu wa chekechea. Si jambo baya. Lakini kitu kikishafika kwa watoto ni vizuri tujue kinasema nini.

Taittiriya Upanishadi ni moja ya maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, sehemu ya Yajurveda, mojawapo ya Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, ambalo wasomi wengi wanaliweka karibu na karne ya 6 kabla ya Kristo. Lina sura tatu, na matabaka yanafundishwa katika ya pili. Linasema mtu huyu tunayemwona ni nafsi iliyofanyika kwa chakula, annamaya. Ndani yake, tofauti naye, ipo nafsi nyingine iliyofanyika kwa pumzi, pranamaya, na hiyo ndiyo inayomjaza ya kwanza. Ndani ya hiyo ipo ya mawazo, manomaya. Ndani yake ya utambuzi, vijnanamaya. Na ndani yake ya raha, anandamaya. Neno tulilolizoea, kosha, lenye maana ya ala, kama ala ya jambia, halitumiki hapo kabisa. Limo katika sura ya kwanza, kwenye sala inayoielekea silabi takatifu Om. Walioyaita matabaka haya ala ni wafafanuzi wa baadaye, na neno hilo moja limebadilisha picha yote, kwa sababu ala kazi yake ni kuchomolewa kilichomo. Andiko linasema "nafsi" mara zote tano. Kila moja inaitwa atman, hata ile ya chakula.

Na halitumii duara. Linatumia ndege. Kila nafsi kati ya hizo tano ina kichwa, bawa la kulia, bawa la kushoto, kiwiliwili na mkia wa kusimamia. Ndege wa pumzi kiwiliwili chake ni anga, yaani nafasi tupu. Msomaji wa Kiswahili hapo anaweza kutabasamu, maana neno letu nafasi limetoka kwenye neno la Kiarabu la pumzi. Ndege wa mawazo kichwa chake ni fomula za Yajus, mabawa yake ni beti za Rig na nyimbo za Saman, yote hayo maneno ya Veda. Wa utambuzi kichwa chake ni imani. Wa raha ana upendo kichwani na furaha mabawani, na mkia anaousimamia ni Brahman, uhalisi wenyewe. Picha hii ni ngeni kwetu, lakini kwa msikilizaji wa wakati ule haikuwa ngeni hata kidogo. Madhabahu kubwa ya moto ya Kiveda hujengwa kwa matofali kwa umbo la ndege aliyetandaza mabawa, na hujengwa kwa matabaka matano. Ibada hiyo ilifanywa tena Aprili 1975 katika kijiji cha Panjal, Kerala, kwa siku 12, matofali kama elfu moja yakipangwa moja moja huku mantra, maneno matakatifu, zikisomwa. Tabaka la kwanza la madhabahu halimenywi kama ganda la kitunguu. Ukiliondoa, ndege wote anaanguka.

Sura ya tatu ndiyo inayorukwa na mabango. Kijana Bhrigu anamwendea baba yake, Varuna, na kumwomba amfundishe Brahman. Baba anampa kigezo tu: tafuta kile ambacho viumbe huzaliwa kutoka kwake, huishi kwacho na hurudi kwake. Bhrigu anakwenda kutafakari kwa bidii kali, anarudi akiwa ametambua kwamba ni chakula. Tazama baba anavyojibu. Hasemi "umekosea". Anamwambia endelea kutafakari. Bhrigu anarudi na pumzi, baadaye na mawazo, na utambuzi, na mwisho raha, na hakuna mahali jibu la kwanza linapofutwa. Mara tu raha inapotambuliwa, andiko linageuka na kutoa amri ambazo mtu angedhani ni za mama mwenye nyumba: usikidharau chakula, usikitupe, kiongeze kiwe kingi, usimkatalie yeyote malazi nyumbani kwako. Kisha anatajwa yule aliyezipita nafsi zote tano. Hatoweki angani. Anatembea huku na huko duniani akila anachopenda, akiimba: mimi ni chakula, mimi ni chakula, mimi ni chakula, mimi ni mla chakula.

Sasa, upande wa pili una hoja nzito na sitaki kuipita kwa mbio. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, aliyasoma matabaka haya kama makapi. Mfano wake ni nafaka yenye makapi mengi inayokobolewa hadi punje itokee. Katha Upanishadi nalo linamtia nguvu, kwa kusema nafsi ichomolewe mwilini kama utambi unavyochomolewa katika jani la nyasi ya munja. Mantiki yake ni ngumu kuivunja. Unachoweza kukitazama si wewe mtazamaji. Unautazama mwili ukinenepa na kukonda, unaitazama pumzi ikipanda na kushuka, mawazo yakija na kuondoka, hata raha ya usingizi mzito unaikumbuka asubuhi na kusema nililala vizuri. Basi anayeyaona yote hayo ni nani? Hoja hii imeishi zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu ni nzuri, na kama andiko lingekuwa na sura ya pili tu, ningempa Shankara ushindi.

Lakini angalia anachokikoboa. Si mwili, ni kudhani kwamba mimi ni mwili. Kinachoanguka ni dhana, na siku dhana inapoanguka mwili unabaki palepale ukidai chakula cha mchana. Na kuna jambo ambalo wachoraji wa maduara hawakuambiwa: kwa Shankara hata raha ni kapi. Anashika ule mstari kwamba Brahman ni mkia wa ndege wa raha, yaani ni kitu kingine kinachombeba ndege huyo, na kusema nafsi ya kweli haimo hata kwenye duara la dhahabu. Kwa hiyo mtu anayekuambia ufike kwenye raha ukae hapo anatumia jina la Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, kukuelekeza mahali ambapo mwalimu mkuu wa Vedanta alikuambia usisimame.

Ramanuja, aliyekuja karne tatu baadaye huko kusini mwa India, alimpinga Shankara kwa silabi mbili. Kiambishi -maya kina maana mbili katika Kisanskriti, kilichofanyika kwa kitu fulani na kilichojaa kitu hicho. Sisi tunaielewa mara moja, kwa sababu lugha yetu ina utata huohuo: kikapu cha ukindu kimesukwa kwa ukindu, ila kikapu cha maembe kimejaa maembe. Shankara anaisoma anandamaya kama kikapu cha ukindu, kitu kilichotengenezwa, kwa hiyo kinachoharibika. Ramanuja anaisoma kama kikapu cha maembe: huyu ndiye Mungu mwenyewe, aliyejaa raha isiyo na kipimo, na ulimwengu pamoja na roho zote ni mwili wake. Ukiukubali usomaji huo, kuudharau mwili kunakuwa kitu cha ajabu sana, kwa sababu umbo la mwili na mwenye mwili ndilo umbo la uhusiano wa dunia nzima na Mungu. Hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Swaminarayan, mtawa wa Gujarat aliyefariki mwaka 1830 na ambaye wafuasi wake wana mahekalu Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, aliandika wazi kwamba falsafa anayoikubali ni hiyo ya Ramanuja. Jirani yako Mhindu wa Kisutu au Ngara huenda hata hamfuati Shankara, lakini mitandao inamsemea kana kwamba wote ni wamoja.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya rangi. Utaambiwa kila tabaka ni mwili wa nuru, una rangi yake, na kuna watu wenye kipaji cha kuuona na, kwa ada, kuusafisha. Habari hii haitoki kwa Bhrigu. Imepita kwenye Jumuiya ya Theosofia, iliyoanzishwa New York mwaka 1875 na kuhamishia makao yake Adyar, Madras, mwaka 1882, ambayo viongozi wake walichanganya mafundisho ya Kihindi na ya Kibudha na ulozi wa Ulaya, wakatoa vitabu vyenye picha za miili isiyoonekana, kila mmoja na rangi zake. Sioni haya kusema kwamba walikuwa na mchango. Waliwafanya watu wengi wa Magharibi wayaheshimu maandiko ya India wakati wakoloni wakiyadharau. Ila andiko haliyapi matabaka hayo rangi hata moja. Nafsi ya mawazo ndani yake haijafanyika kwa nuru ya zambarau, imefanyika kwa maneno: beti, fomula, nyimbo. Hili ndilo wazo ambalo ningependa lingezunguka kwenye simu badala ya maduara. Akili ya mtu, kwa mujibu wa watu hao wa kale, ni yale aliyofundishwa kuyasema na kuyakumbuka.

Na akili hiyo inakula. Katika Chandogya Upanishadi kijana Shvetaketu anarudi nyumbani akiwa na miaka 24, amehitimu Veda zote na kichwa kimemvimba. Baba yake, Uddalaka, anamwambia asile kwa siku 15, anywe maji tu. Siku ya 16 anamwita: haya, nisomee beti za Rig, za Yajus, za Saman. Kijana anajibu, hazinijii. Baba anamwambia: moto mkubwa ukizimika na kubaki kaa moja tu, dogo kama kimulimuli, hauwezi tena kuunguza kitu. Nenda kale. Shvetaketu anakula, anarudi, na kila anachoulizwa anajibu. Akili imefanyika kwa chakula, mwanangu, anasema Uddalaka. Wahenga wetu walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Uddalaka aliifanya kuwa jaribio, la siku 15, na mwanawe ndiye aliyekuwa maabara.

Wapo viongozi wa dini wanaosema yoga na matabaka yake ni ibada iliyovaa nguo za mazoezi, na wafuasi wao waiepuke. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye sala na mafundisho ya Kihindu, na mapadri na wachungaji kadhaa wamesema maneno ya karibu na hayo. Mimi nadhani watu hawa wameyaelewa mafundisho kuliko yule anayeyauza kama dawa ya kiuno. Kusema kwamba mkia wa nafsi yako ni Brahman si kauli ya daktari wa viungo. Ni kauli ya imani, na mwenye imani nyingine ana haki ya kuikataa. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodai kwamba imani hiyo inauchukia mwili, na ushahidi wao mara nyingi ni kwamba Wahindu huchoma maiti. Lakini ibada hiyo huitwa antyeshti, sadaka ya mwisho. Mwili unatolewa kwenye moto kama kitu cha thamani, na Taittiriya linatamka kwamba viumbe huzaliwa kwa chakula, huishi kwa chakula na mwisho hurudi kuwa chakula. Hapo mwili hautupwi. Unarudishwa.

Turudi kwenye mtaala. Wanaoutetea wana hoja: shule ya India, kama ya kwetu, imekuwa ikimlisha mtoto mitihani, na kumkumbusha mwalimu kwamba mtoto ana mwili, pumzi na hisia ni faida. Wanaoupinga wanauliza kwa nini mtoto wa Kiislamu, wa Kikristo au wa Kidalit, yaani wa jamii zilizotengwa kama najisi, apimwe kwa lugha ya Veda, ambazo kwa karne nyingi watu wa tabaka la chini la Shudra hawakuruhusiwa hata kuzisikia. Swali hilo linauma, kwa sababu Shankara yuleyule aliyefundisha kwamba nafsi haina tabaka la kijamii aliandika kwamba Shudra hastahili kujifunza Veda. Alikoboa makapi yote matano, hili likamshinda. Kwa maoni yangu nchi ina haki ya kutumia falsafa yake shuleni, mradi ikubali kuhukumiwa nayo, na hukumu inaanzia nafsi ya kwanza.

Nafsi ya kwanza ina kesi mahakamani. Novemba 28, 2001 Mahakama ya Juu kabisa ya India iliziamuru serikali za majimbo ziwape watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300 na gramu 8 hadi 12 za protini, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Hakukuwa na haja ya kumtaja Bhrigu, lakini sijaona tafsiri ya annamaya iliyo sahihi kuliko amri ile yenye kalori na gramu. Tangu hapo mabishano yamehamia kwenye sahani. Mwaka 2021 jimbo la Karnataka lilipoanza kuwapa watoto mayai, viongozi kadhaa wa kidini walipinga, eti mayai yanachafua. Na mara kwa mara zimeripotiwa shule ambako wazazi wamewakataza watoto wao kula kwa sababu mpishi ni mwanamke wa Kidalit. Ukutani darasani kunaweza kuwa na maduara matano yamechorwa vizuri, huku nje, kwenye sufuria, wali na dengu vinapoa kwa sababu ya mkono uliovipika.

Usikidharau chakula, hiyo iwe nadhiri, lilisema andiko, bila kuuliza aliyekipika. Na mistari michache mbele, mgeni anapobisha hodi, linaeleza hata anavyopaswa kujibiwa kabla hajataja jina wala ukoo: chakula kiko tayari.